Namba Kumi na Saba

Alhamisi, kabla Meru haujavua blanketi la ukungu,
Daktari Ndeshi anafika Usa na ndoo ya barafu,
buti za mpira, kalamu mbili mfukoni,
na swali lile lile: "Amelalaje?"
Hakulala. Farasi mwenye kwato za moto halali,
anahamisha uzito tu, mguu hadi mguu,
kama mtu aliyesimama juu ya bati la saa saba mchana.

Anaitwa Shaba, kwa rangi yake.
Kwenye daftari anaitwa kumi na saba.

Masika yalileta majani matamu
naye akala kama mgeni wa arusi, hakuuliza bei.
Bei ikashukia miguuni.
Naweka kiganja kwenye ukwato: jiko la mkaa chini ya majivu.
Naweka vidole juu ya kisigino: mshipa unagonga
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Daktari ananieleza huku sindano ikitafuta shingo.
Uvimbe, anasema, ni askari wa mwili:
waliitwa kuzima moto, wakachoma na nyumba.
Na hewa tunayovuta ina deni lake;
hewa hiyo hiyo iliyolila geti letu, bawaba hadi komeo,
inamla Shaba kwa ndani.
"Kutu?" nauliza. "Kutu ya nyama?"
Anacheka. Kisha anaacha kucheka.
"Ndiyo," anasema. "Kutu."

Farasi ni thelathini na wanne, Kisongo hadi Ngurdoto.
Nusu wanatiliwa unga wa mlonge kwenye pumba,
nusu wanakula pumba tupu, iliyotiwa rangi ya kijani ili zifanane.
Nani anapata nini, hata yeye hajui:
limo ndani ya bahasha, bahasha imo kabatini Tengeru,
na ufunguo uko kwa mtu asiyependa maswali.

Lakini mimi nina pua.
Pumba ya Shaba ilinuka pumba, basi.

Wiki ya tatu nikachuma mlonge nyuma ya kanisa,
nikaukausha kwenye dari, nikautwanga usiku,
kinu nimekivika gunia kisinisemee.
Wiki ya tano Shaba akatembea mwenyewe hadi horini.
Wiki ya sita akanipiga teke la paja,
nikafurahi kama mtu aliyelipwa.

Daktari akasoma majibu ya damu. Akayasoma tena.
"Huyu kumi na saba!" alisema, na uso ukamng'aa,
na mng'ao ule ndio ulionishinda.
Nikamwambia. Mlonge, kinu, gunia, yote.

Hakunifokea. Heri angenifokea.
Alifungua daftari, akaweka rula,
akapiga mstari mmoja mnyoofu
juu ya Alhamisi sita za damu.
"Elisaria," alisema, "labda ni mlonge wako.
Labda ni kipupwe, majani yameacha kukua na utamu umepungua.
Labda ni viatu alivyopigiliwa na Kaaya mwezi jana.
Tungeweza kujua.
Sasa kwa huyu hatutajua."

Chupa thelathini na tatu zikaingia barafuni.
Nikawafikiria wale kumi na sita wa pumba tupu,
wenye walinzi waaminifu kuliko mimi,
wamesimama juu ya bati lao
ili siku moja bahasha iseme kweli.
Sikujua nimwonee nani haya:
wao, au huyu aliyesimama mbele yangu akitafuna.

Alhamisi iliyofuata daktari alimaliza wengine wote,
akavua glavu, akafunga ndoo,
gari lilikuwa tayari linanguruma.
Akarudi. Akainama kwa Shaba,
akaweka kiganja kitupu kwenye ukwato, akakaa nacho pale
muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Umepoa," alisema.

Kalamu zote mbili zilibaki mfukoni.